Slaidi kwa Udongo Mwekundu

Kule Embu, kutoka nyanda kavu za Mbeere, ambako muguka, aina ya miraa, hustawi, hadi mashamba ya chai ya Manyatta si mbali, lakini rangi hubadilika kabisa. Mpigapicha wa eneo hilo achague filamu gani ya slaidi? Naamini uamuzi uanzie kwenye nyuso za watu na udongo mwekundu wa volkano, wala si kwenye kijani cha majani, kwa kuwa kijani hupendeza karibu kwenye filamu yoyote.

Velvia, iliyoletwa na Fujifilm mwaka 1990 ikiwa na kasi ya ISO 50, hukoleza rangi kuliko macho yanavyoona. Kwa chai ya Imenti, kule Meru, baada ya mvua, hilo ni jambo zuri. Tatizo huanza mtu anapoingia kwenye picha: ngozi ya kahawia huvutwa kwenye wekundu mpaka ikaribie kufanana na udongo, na vivuli huzama katika weusi. Karibu na ikweta, jua la adhuhuri likiwa utosini, uso wa mchuma miraa chini ya mti hupotea kabisa. Provia 100F, nayo ya Fujifilm, huutenga uso huo na ardhi, ingawa kivulini huelekea ubuluu na huhitaji kichujio cha 81A cha kupunguza ubuluu huo. Ektachrome E100, iliyorudishwa na Kodak mwaka 2018, hutenganisha kahawia moja na nyingine kwa uaminifu mkubwa. Ndiyo ningeichagua kwa Meru na Embu.

Wapo wanaosema hakuna iliyoifikia Kodachrome, filamu ya slaidi ya zamani ya Kodak. Kwa kudumu gizani bila kupauka, wana haki. Ila utengenezaji wake ulikoma mwaka 2009, na kemikali zake maalumu zikafuata. Hoja nzito zaidi dhidi ya slaidi ni kwamba negativu husamehe makosa ya mwanga, ilhali slaidi huharibika kwa kosa la nusu stopu tu. Ni kweli, na ufundi umo humo humo. Kipande kilichokuwa ndani ya kamera ndicho picha yenyewe, kwa hiyo rangi haingoji kuamuliwa na msafishaji wala kompyuta. Mpigapicha hulazimika kupima mwanga wa shati jeupe na wa shavu jeusi kabla ya kubonyeza, na tofauti ikizidi, asubiri. Mawingu ya Julai, ambayo watalii huyalalamikia kwa kuficha Mlima Kenya, hulainisha mwanga kiasi kwamba shati na shavu hutosha kwenye slaidi moja.