Maksai wa Plymouth na Namba Tatu za Katikati

Kila aliyepita sekondari analijua swali hili: "Tafuta wastani, mediani na modi ya data ifuatayo." Mwanafunzi anajumlisha na kugawanya, anapata wastani. Anapanga namba kutoka ndogo hadi kubwa na kuichukua ya katikati, anapata mediani. Anatazama namba iliyojirudia kuliko zote, anapata modi. Anapiga mstari chini ya kila jibu na kuhamia swali linalofuata. Hakuna anayemuuliza kwa nini data moja imetoa majibu matatu, wala ni lipi kati yake angelitegemea kama angetakiwa kuamua jambo.

Naona hapo ndipo somo linapokatwa kabla halijafika. Vipimo hivi vitatu vinajibu maswali matatu tofauti, na kazi kubwa ya takwimu ni kujua umeulizwa lipi. Ili kulionyesha hilo nitachambua hesabu moja ya kweli, ya zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ambayo namba zake zinatosha kukokotolewa upya kwa kalamu na karatasi.

Shindano na jedwali lake

Mwaka 1906, katika maonyesho ya mifugo na kuku mjini Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, maksai mmoja aliyenona aliwekwa mbele ya watu. Aliyetaka kushindana alinunua tiketi kwa peni sita, akaandika jina lake, anwani yake na makisio ya uzito wa maksai huyo akishachinjwa na nyama yake kuandaliwa. Waliokaribia zaidi walipewa zawadi. Walikuwamo wachinjaji na wakulima waliojua mifugo, na walikuwamo watu wa kawaida waliobahatisha tu.

Francis Galton alizipata tiketi hizo baada ya shindano. Zilikuwa 800. Akaondoa 13 zenye kasoro au zisizosomeka, zikabaki 787, na Machi 1907 akachapisha matokeo katika jarida la Nature. Galton huyu ndiye pia aliyeasisi itikadi ya kuchagua nani azae na nani asizae ili "kuboresha" kizazi cha binadamu, na maandishi yake kuhusu Waafrika ni ya dharau. Simtaji kwa kumsifu. Namtaja kwa sababu alichapisha jedwali ambalo mtu yeyote anaweza kulikagua.

Aliyapanga makisio yote kutoka dogo hadi kubwa, kisha akaandika kisio lililopo kila baada ya asilimia 5 ya watu. Kuanzia asilimia 5 hadi asilimia 95, kwa ratili, namba zake ni hizi:

1074, 1109, 1126, 1148, 1162, 1174, 1181, 1188, 1197, 1207, 1214, 1219, 1225, 1230, 1236, 1243, 1254, 1267, 1293.

Maana yake ni kwamba asilimia 5 ya washindani walikisia chini ya ratili 1074, asilimia 10 chini ya 1109, na kuendelea hivyo. Kati ya kila namba mbili zinazofuatana wamo takriban watu 39. Uzito ulioripotiwa baada ya kupima ulikuwa ratili 1198, yaani kama kilo 543.

Mediani: kura moja kwa kila mtu

Galton alichagua mediani. Kwa tiketi 787, nafasi ya katikati ni (787 + 1) ÷ 2, yaani ya 394. Jibu lake lilikuwa ratili 1207. Umati ulikosea kwa ratili 9 tu, chini ya asilimia moja ya uzito wenyewe.

Sababu ya uchaguzi wake ni ya kisiasa kuliko ya kihesabu. Wiki moja kabla alikuwa ameandika katika jarida hilohilo kuhusu baraza linalotakiwa kupanga kiasi cha fidia au bajeti. Ukichukua wastani, alisema, unampa kila mtu nguvu kulingana na umbali wa namba yake: anayetaja kiasi cha ajabu ndiye anayevuta jibu zaidi. Ukichukua mediani, kila mtu ana kura moja, awe ametaja kiasi cha busara au cha kichaa. Kiasi cha mediani ndicho ambacho nusu wangekiona kidogo na nusu wangekiona kikubwa. Kiasi kingine chochote, zaidi ya nusu wangekipinga kwamba ni kidogo mno au kikubwa mno.

Jedwali hili linaweza pia kutumika kuipima ile kanuni ya mediani ya data iliyowekwa katika makundi, ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kujua inafanya nini. Chukua mpaka wa chini wa kundi lenye mediani, kisha uongeze sehemu ya upana wa kundi inayolingana na watu waliobaki kufikia nusu. Tuifute kwa muda namba ya katikati ya Galton. Tunajua asilimia 45 wako chini ya 1197 na asilimia 55 wako chini ya 1214. Kundi letu lina upana wa ratili 17 na asilimia 10 ya watu, nasi tunahitaji asilimia 5 zaidi kufikia 50. Hivyo: 1197 + (5 ÷ 10) × 17 = 1205.5.

Mediani ya kweli katika jedwali ni 1207, kwa hiyo kanuni imepungukiwa na ratili moja na nusu. Upungufu huu una chanzo. Kanuni inachukulia kwamba watu wamesambaa sawasawa ndani ya kundi, na hapa hawakusambaa hivyo. Asilimia 5 ya kwanza ilienea kwenye ratili 10, kutoka 1197 hadi 1207, na asilimia 5 ya pili ilijibana kwenye ratili 7. Mwanafunzi aliyeona hili ataelewa kwamba mediani ya makundi ni makadirio, na ataelewa pia kosa linaelekea upande gani na kwa sababu gani.

Wastani: mizani ya tofauti zote

Baada ya makala kutoka, mwanatakwimu R. H. Hooker aliliandikia jarida akitaka kujua wastani. Galton akarudi kwenye tiketi, akajibu: ratili 1197. Kwa uzito ulioripotiwa wa 1198, kosa lilikuwa ratili moja.

Sisi hatuna tiketi zote mezani, lakini tunaweza kuusogelea wastani huo kwa njia ya shuleni ya wastani wa kudhania. Tuchukue makundi 18 yaliyo kati ya namba 19 za jedwali na tutafute katikati ya kila kundi: 1091.5 kwa la kwanza, 1117.5 kwa la pili, hadi 1280 kwa la mwisho. Tudhani wastani ni 1200, kisha tuandike tofauti tu. Makundi manane ya chini yanatoa tofauti hasi, jumla −376.5. Makundi kumi ya juu yanatoa tofauti chanya, jumla +340. Zikiunganishwa ni −36.5. Kwa kuwa kila kundi lina idadi ileile ya watu, tunagawa kwa 18 na kupata karibu −2. Wastani unakuwa 1200 − 2, yaani 1198.

Hesabu hii inaonyesha wastani ni nini hasa. Ni namba ambayo tofauti za upande wa chini na za upande wa juu zinalingana kabisa hadi jumla yake kuwa sifuri. Ndiyo maana wastani wa kudhania hufanya kazi hata dhana ikiwa mbovu: tofauti zinakueleza umekosea kwa kiasi gani, nawe unasahihisha.

Kuna la pili, nalo ni muhimu zaidi. Makundi yetu 18 yamebeba asilimia 90 ya watu. Asilimia 5 ya chini kabisa na asilimia 5 ya juu kabisa tumeziacha nje, kwa sababu jedwali halisemi zinaishia wapi. Hata hivyo jibu letu linatofautiana na la Galton kwa ratili moja hivi. Hii ina maana kwamba watu wa miisho hawakuuvuta wastani mbali. Galton mwenyewe alieleza kwamba ada ya peni sita ilizuia mzaha na hamu ya zawadi ilimfanya kila mtu ajitahidi. Wastani ulifaulu Plymouth kwa sababu mazingira yaliukinga dhidi ya namba za ovyo.

Modi: mahali penye msongamano

Modi haimo katika jedwali la Galton, lakini jedwali hilo linatuwezesha kuisogelea. Hapa kuna mtego ambao mtihani huutega mara chache na maisha huutega kila siku: makundi yetu yana watu sawa lakini upana tofauti. Ukitafuta kundi lenye watu wengi hutalipata. Inabidi utafute kundi lenye watu wengi kwa kila ratili.

Kati ya 1074 na 1109, watu 39 wameenea kwenye ratili 35, takriban mtu mmoja kwa ratili. Kati ya 1214 na 1219, watu walewale 39 wamebanana kwenye ratili 5, karibu wanane kwa ratili. Kati ya 1225 na 1230 ni hivyohivyo, na katikati ya makundi hayo mawili msongamano ni mkubwa pia. Kutoka 1214 hadi 1230 kuna asilimia 15 ya watu ndani ya ratili 16 tu. Modi iko eneo hilo, karibu na 1222.

Sasa namba zetu tatu zimekaa pamoja: wastani 1197, mediani 1207, modi karibu 1222. Kupishana kwake kunaeleza umbo la data. Rundo kubwa la watu lilikisia juu kidogo ya uzito wa kweli, na mkia mrefu ukashuka upande wa chini. Robo za jedwali zinathibitisha: kutoka mediani kushuka hadi robo ya kwanza ni ratili 45, kupanda hadi robo ya tatu ni 29. Modi hubaki palipo na rundo, wastani hufuata mkia, mediani hukaa kati yao. Anayejua hili akipewa namba tatu anaweza kuchora umbo la data ambayo hajaiona.

Mwaka 2014 mwanatakwimu Kenneth Wallis alichapisha uchunguzi wake wa kumbukumbu za Galton. Alibaini kwamba uzito halisi ulikuwa ratili 1197 na mediani ilipaswa kuwa 1208. Kwa hiyo wastani, kipimo ambacho Galton hakukitanguliza, ulilenga palepale.

Kipi kifuatwe?

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba wastani daima ni bora. Fikiria kamati ya harusi yenye watu watano, kila mmoja akipendekeza mchango wa kila mjumbe: shilingi 50,000, 50,000, 60,000, 80,000 na 500,000. Wastani ni 148,000, kiasi ambacho wanne kati ya watano wako mbali chini yake. Mtu mmoja amewapandishia wote. Mediani, 60,000, ndiyo inayoheshimu kikao.

Sasa badilisha swali. Tuseme namba hizohizo ni ahadi, na mweka hazina anataka kujua atakusanya kiasi gani. Mediani mara tano ni 300,000, jibu la kupotosha. Wastani mara tano ni 740,000, fedha yenyewe. Wastani pekee kati ya vipimo hivi vitatu hubeba jumla. Na kama anayeuliza ni mchapishaji wa kadi anayetaka kujua kiwango cha kuchapa kwenye kadi nyingi zaidi, jibu lake ni modi, 50,000. Namba ni zilezile tano, maswali ni matatu, na kila swali lina jibu lake halali.

Hili ndilo nataka walimu wa Hisabati walipe nafasi. Nchini Tanzania mada hii imefundishwa kwa miaka mingi Kidato cha Tatu, kanuni zote zikiwamo, na wanafunzi huzimudu. Kinachokosekana ni swali la nne baada ya yale matatu: kipi kinafaa hapa, na kwa nini? Lisiwe pambo la mwisho wa kipindi. Lipewe alama kama mengine.

Maksai wa Plymouth anaweza kurudiwa darasani bila gharama. Weka mbele ya wanafunzi gunia la mahindi ambalo uzito wake unaujua wewe tu. Kila mmoja aandike kisio lake kimyakimya, bila kushauriana, kwa sababu wakisikilizana watamfuata wa kwanza. Wakokotoe wastani, mediani na modi, wachore umbo, waone mkia uko upande gani. Kisha ongeza kisio moja la kilo elfu tano na uwaagize wakokotoe upya. Wataona wastani ukiruka, mediani ikisogea kidogo au isisogee kabisa, na modi ikibaki ilipo. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa hesabu yake mwenyewe, siku atakaposikia tangazo la wastani wa mshahara, wa mavuno au wa alama za shule, atauliza kwanza mkia uko wapi. Akifika hapo, amejua takwimu.