Mtazame Asiyepiga Mpira

Katika tenisi ya wawili wawili macho yetu hufuata mpira, na ndivyo tunavyokosa nusu ya mchezo. Kwenye mechi za wakongwe, hasa mke na mume wanapocheza upande mmoja wakiwa na miaka sabini na ushei, hasara hiyo ni kubwa zaidi. Ufundi wao mwingi uko kwa yule ambaye wakati huo raketi yake haijagusa kitu.

Uwanja wa wawili wawili una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97. Kila upande hulinda nusu ya urefu huo, karibu mita 12, na hakuna magoti ya miaka sabini yatakayoulinda kwa mbio. Kijana akisimama mahali pasipofaa hujiokoa kwa kukimbia. Mkongwe sharti awe amefika kabla ya mpira. Kwa hiyo husoma mapema: bega la mpinzani limegeukia wapi, uzito uko kwenye mguu upi, uso wa raketi umelala au umefunguka. Ukifunguka kuelekea angani, unakuja mpira wa juu.

Mpira huo wa juu ndio silaha ya watu wazima. Ukipigwa vizuri, hupita kwa kiasi kidogo tu juu ya raketi ya aliye karibu na wavu, kisha huangukia karibu na mstari wa nyuma, upande wa mkono wake dhaifu. Hauhitaji nguvu, bali mkono mtulivu na hesabu ya upepo na jua. Aliye karibu na wavu hapaswi kurudi kinyumenyume akiangalia juu, maana hivyo ndivyo watu wanavyoanguka na kuvunjika vifundo vya mikono. Mwenye ujuzi hugeuka ubavu kwanza, au hukubali kwamba mpira huo si wake.

Sasa mtazame mwenzake. Ameshaondoka. Ametoa neno moja fupi, anakwenda kuuchukua mpira nyuma ya mgongo wa mkewe, na mke, bila kugeuza kichwa, amevuka kwenda upande ulioachwa wazi. Wanasogea kama watu wawili wanaopitisha kabati mlangoni: mmoja akirudi hatua, mwingine anaifuata hatua ile ile. Mpira ukirejeshwa juu zaidi, wote wawili hurudi nyuma kujipanga. Ukirejeshwa chini miguuni mwa wapinzani, wote husogea mbele. Baina yao nafasi haipanuki.

Kuishi pamoja miaka arobaini hakutoshi kuleta jambo hilo. Wapo wanandoa wanaopendana sana ambao hawawezi kumaliza seti bila kununiana, kwa kuwa mmoja humfundisha mwenzake kila baada ya pointi. Walioiva hufanya mazungumzo yao kabla ya kuanzisha mpira: nani atachukua mpira wa katikati, nani atavuka, mpira wa kwanza uelekezwe wapi. Mpira ukishapotea umepotea. Aliyeukosa anajua ameukosa, na mwenzake humpa pumzi badala ya somo. Nidhamu hiyo ya ulimi hufanyiwa mazoezi sawasawa na pigo la mkono wa nyuma.

Mashindano yenyewe yamepangwa kwa heshima. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, lina ziara ya wakongwe yenye makundi ya umri yanayopishana kwa miaka mitano, na kinachohesabiwa ni umri utakaotimiza ndani ya mwaka huo wa kalenda. Mtu anayetimiza 70 huacha kundi ambalo alikuwa miongoni mwa wazee wake, akaingia jingine akiwa kijana. Ndiyo maana huku mtu huusubiri kwa hamu mwaka wa kutimiza umri huo. Wanandoa wana hesabu ya ziada: ili kucheza katika kundi fulani sharti wote wawili wawe wamefikia umri wake. Mume wa miaka 74 mwenye mke wa miaka 69 atacheza kundi la 65, akikabili watu wadogo kwake kwa karibu miaka kumi. Anayeamua kundi ni mdogo, na mkubwa hulipa kwa kutumia akili zaidi.

Mfano wa juu wa wanandoa uwanjani ni wa Waingereza Kitty na Leslie Godfree. Mwaka 1926, mwaka waliofunga ndoa, walitwaa ubingwa wa Wimbledon wa mwanamume na mwanamke, na hadi leo hakuna mke na mume wengine waliowahi kuutwaa pamoja. Kitty alizaliwa 1896 akafariki 1992, na kombe la dunia la timu za wanawake wa miaka 65 na zaidi limepewa jina lake. Nchini Marekani, Dorothy Cheney, bingwa wa Australia wa mwaka 1938, aliendelea kushindana hadi uzeeni kabisa na kukusanya mataji ya taifa zaidi ya 300, mengi yakiwa ya makundi ya umri, kwa mipira ya juu na ile ya kudondosha nyuma ya wavu. Utu uzima dawa, na wapinzani wake waliinywa.

Lakini ninachokistahi kuliko vyote ni jinsi wanavyoamua mstari. Mechi nyingi za wakongwe hazina waamuzi wa mistari, na kila upande huamua mipira inayoangukia kwake. Mpira wenye shaka ni halali ya mpinzani. Na iwapo mume anasema umetoka, mke akasema umegusa mstari, mpira huhesabika kuwa mzuri na pointi hupotea. Piga picha ya pointi ya mwisho: mumeo ameshainua mkono, ushindi uko karibu, nawe umeona alama ndani ya mstari. Unasema ulichokiona, mbele ya watu, dhidi ya nyumba yako mwenyewe. Naye anashusha mkono na kwenda kusimama mahali pake kwa pointi inayofuata.

Pigo la kasi hupungua kila mwaka, na hakuna mazoezi ya kulizuia lisipungue. Kusoma mchezo, kumwachia mwenzako mpira ulio wake, na kusema kweli kuhusu mstari ni ufundi unaoweza kukua hata baada ya miaka themanini. Wanaoufanyia kazi pamoja wanastahili watazamaji wengi kuliko walio nao leo.