Kuwamba Nyama Iliyo Hai

Mwamba ngoma, walisema wahenga, ngozi huivutia kwake. Hawakutaja kwamba ngozi ile haina uwezo wa kuvuta upande wake. Mbuzi alishachinjwa, manyoya yamekwanguliwa, na fundi hukaza apendavyo. Mimi siku hizi nawahusudu mafundi wengine, wanaowamba kitu ambacho bado ki hai na chenye maoni yake.

Maana seli huvuta. Mwaka 1979 Eugene Bell na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walichanganya seli za ngozi na rojo ya kolajeni, protini ya nyuzi za mwilini, nazo zikaivuta pande zote mpaka ikasinyaa ikawa kipande kidogo kigumu. Mwaka uliofuata Albert Harris aliziweka seli juu ya utando mwembamba mno wa silikoni, na utando ukajikunja makunyanzi chini yao, kama shuka chini ya mtu asiyepata usingizi. Basi anayekuja kuzinyoosha seli anaingia katika mvutano ulioanza zamani bila yeye.

Nazo hujibu. Zioteshe juu ya mpira, uuvute na kuuachia, uuvute na kuuachia, na baada ya saa kadhaa mara nyingi utazikuta zimegeuka na kulala kukingama na mvuto, kana kwamba zinaukwepa. Zitie ndani ya kolajeni iliyofungwa ncha mbili, zitajipanga kuufuata.

Aliyeutumia ukaidi huu kwa ustadi ninaoupenda kuliko wote ni Laura Niklason, daktari wa dawa za usingizi aliyetaka kuotesha mshipa wa ateri. Alichukua kitambaa cha nyuzi zinazoyeyuka, jamaa ya zile za kushonea vidonda, akakishona kuwa mrija kuzunguka bomba laini la silikoni. Juu yake alipanda seli za misuli laini kutoka kwenye ateri ya ng'ombe. Kisha pampu ikaanza kulitunisha bomba na kuliachia, mara 165 kwa dakika, kasi inayokaribia ile ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Kila pigo lilipanua mrija kwa asilimia 5 hivi.

Asilimia 5 tu! Hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe. Ukizidisha, seli hubanduka au hufa. Ukiziacha zistarehe, hufuma kitu dhaifu. Majuma 8 ya mapigo ya namna hiyo ni zaidi ya mapigo milioni 13, na muda wote huo lazima seli zilishwe bila bakteria hata mmoja kupenya. Katika chakula chao mlikuwa na vitamini C, ile ile ambayo mabaharia wa zamani waliikosa wakaugua kiseyeye, kwa sababu pasipo hiyo kolajeni haifumwi sawasawa. Nyuzi za kitambaa zikaendelea kuyeyuka huku seli zikiweka zao. Mishipa hiyo, iliyotangazwa katika jarida la Science mwaka 1999, ilistahimili shinikizo la milimita zaidi ya 2,000 za zebaki. La mtu mwenye afya, moyo unapopiga, ni kama 120.

Seli inajuaje kuwa imevutwa? Mlango mmoja ulipatikana mwaka 2010 katika maabara ya Ardem Patapoutian, huko California. Bertrand Coste alizima jeni zilizoshukiwa, moja baada ya moja, akizidukua seli kwa ncha nyembamba ya kioo kuona kama bado zinahisi. Jeni 71 zilipita bure. Ya 72 ilipozimwa, seli zikanyamaza. Protini yake, Piezo1, hukaa katika utando wa seli, na utando ukikazwa hufunguka na kupitisha kalsiamu. Patapoutian alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021.

Mshipa wa Niklason nao ulisafiri. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mshipa uliooteshwa kwa seli za binadamu na kampuni aliyoianzisha, kwa watu wazima walioumia ateri za mikono au miguu, pale mshipa wa mgonjwa mwenyewe usipofaa. Kabla haujawekwa kwenye kisanduku, seli zote zilizoufuma huoshwa zikatoka, ili mwili wa mgonjwa usiukatae. Hubaki kolajeni na protini nyingine zilizofumwa na seli hizo, tupu, na mgonjwa akishashonewa, seli zake huanza kuhamia humo, damu ikipita na kuzivuta kila moyo unapopiga.