Mapenzi ya Mpakani: Ahadi ya Judith na Harusi ya Berwick

Kwenye rafu ya kituo chetu cha vijana kuna riwaya fulani za Kiingereza ambazo wasichana wameziazima mpaka majalada yamechanika. Hadithi unaijua hata kabla ya kufungua. Ni zamani za wafalme na mapanga, kuna mwanamke Mwingereza, kuna mwanaume Mskoti mwenye ngome mlimani, watu wao wanachukiana, halafu hao wawili wanapendana. Wakubwa wanasema ni upuuzi, na mimi pia nilikuwa nasema hivyo. Ila mwaka huu, kwenye kundi letu la kusoma la Jumamosi, tulisoma mbili za mwandishi Mmarekani Julie Garwood, na mawazo yangu yamebadilika nusu. Hapa nataka kueleza ni nusu gani.

Ya kwanza ni The Bride, ya mwaka 1989. Kwa amri ya mfalme, wakuu wawili wa koo za Uskoti wanatakiwa kuoa mabinti wa baroni Mwingereza. Alec Kincaid anafika, anawatazama mabinti, anamchagua Jamie. Jamie hakuulizwa. Kitabu kinachekesha kweli, maana Jamie ana mdomo na hamwogopi mtu, na Alec anazidiwa kila akibishana naye. Tulicheka sana. Halafu binti mmoja akauliza, "Kwa hiyo akishampenda baadaye, ina maana ile ya mwanzo haikuwa vibaya?" Kicheko kikaisha. Sisi tunaofanya kazi na vijana hapa tunaongea kila wiki habari ya kuozesha watoto, na jibu la Garwood ni ndiyo, haikuwa vibaya, kwa sababu mwanaume alikuwa mzuri. Hilo nalikataa. Bahati ya Jamie haifanyi amri ya mfalme iwe halali.

Nikaenda kusoma historia kidogo, nione ndoa za mpaka ule zilikuwaje kweli. Mpaka wenyewe ulikubaliwa kwa mkataba mwaka 1237 mjini York, na mwisho wake mmoja ni mto Tweed. Mwaka 1251, mjini York tena, mfalme Alexander wa Tatu wa Uskoti aliozeshwa Margaret, binti wa mfalme wa Uingereza. Bwana harusi alikuwa na miaka 10, bibi harusi 11.

Iliyonishika zaidi ni harusi ya Berwick, mji ulio pale Tweed inapoingia baharini. Mwaka 1328 David, mtoto wa mfalme Robert Bruce wa Uskoti, aliozeshwa pale na Joan, dada wa Edward wa Tatu wa Uingereza. Mkataba wa amani ulikuwa umefungwa mwaka huohuo na watoto hawa ndio walikuwa muhuri wake. David alikuwa na miaka 4 na Joan 7. Haikupita miaka mingi. Mwaka 1333 Edward huyohuyo aliwapiga Waskoti Halidon Hill, karibu na mji uleule wa harusi, na mwaka uliofuata ikabidi David na Joan wavushwe bahari mpaka Ufaransa. Walikaa huko, kwenye ngome ya Château Gaillard, hadi 1341. Vitabu vinawaita mfalme na malkia. Kwa lugha yetu hapa kambini ni watoto wakimbizi, na aliyewakimbiza ni kaka wa bibi harusi. David aliporudi alipigana tena, akakamatwa na Waingereza mwaka 1346, akaachiwa 1357.

Kwa hiyo mtu akiniambia ndoa inaponya mpaka, namwonyesha Berwick. Ndoa iliyopangwa na wakubwa inavunjika siku wakubwa wanapobadilisha mpango, na wanaolipa ni wale waliooanishwa.

Sasa nije kwenye nusu nyingine, yaani The Secret, ya mwaka 1992. Hii nakushauri usome, ndugu msomaji, hata kama una miaka hamsini.

Inaanza mwaka 1181 na watoto wawili wa kike wanaokutana kwenye sherehe mpakani. Judith ni wa upande wa Uingereza, Frances Catherine ni Mskoti. Wanakuwa marafiki kabla mtu hajawaeleza kwamba wanatakiwa kuchukiana. Mama na bibi wa Frances Catherine walikufa wakijifungua, na yeye anaamini zamu yake itafika. Basi anamwomba Judith ahadi: siku nikiwa na mimba, utakuja. Judith anakubali. Halafu, na hapa ndipo Garwood alinipata, anatumia miaka kuwauliza wakunga kazi yao, ili siku ya kwenda asiende mikono mitupu. Kabla hata ya siku ya rafiki yake, anajikuta anamzalisha mwanamke mwingine wa ukoo ule, huku mwenyewe akitetemeka.

Mapenzi ya Judith na Iain Maitland, mkuu wa ukoo, yapo na ni matamu. Lakini ukiyatoa, kitabu bado kinasimama. Ukiitoa ile ahadi, kinaanguka. Hakuna mfalme aliyeipanga, ni watoto wawili waliokubaliana wenyewe.

Makosa yapo. Maitland wa historia ni watu wa kusini mwa Uskoti, karibu na mpaka. Garwood amewahamishia milimani kaskazini kwa sababu milima inauza. Kosa la pili ni kubwa zaidi. Siri ya Judith ni kwamba baba yake ni mkuu wa ukoo wa Maclean, maadui wa Maitland. Kumbe yule "Mwingereza" ana damu ya Uskoti! Najua mwandishi alitaka kuongeza hatari. Ila mimi naona alipunguza. Hata hapa tunafanya hivyo: mtu wa kabila lingine tunamkubali siku tunapogundua bibi yake alikuwa wa kwetu. "Kumbe ni wetu!" Je, kama asingekuwa wetu? Natamani Judith angebaki Mwingereza mtupu, na bado wampokee.

Nimalizie na swali la Jumamosi ya mwisho. Mmoja wetu ana mimba ya miezi saba. Rafiki yake wa utotoni alirudi nyumbani, ng'ambo ya mpaka, na familia yake. Aliposikia Judith amefika akauliza, "Kibali cha kupita alipewa na nani?" Wengine walicheka, lakini swali ni zuri na kitabu kinalo. Baraza la wazee wa Maitland halimtaki Mwingereza, linabishana, na Frances Catherine inabidi asimame mbele ya wazee kudai ahadi aliyopewa. Mwishowe Iain mwenyewe anapanda farasi kwenda kumchukua.

Yule dada akasema, "Basi nitafutie Iain, simtaki kwa ndoa, namtaka kwa usafiri." Tulicheka tena, naye pia. Wenzetu wa mashirika mnaosoma jarida hili, swali lake lipo palepale, na zimebaki miezi miwili.

Nakala ya The Secret ni moja tu. Anayo yeye kwa sasa. Anayefuata aandike jina kwenye daftari la kituo.