Mwanamke Aliyetengwa na Mipaka ya Msimulizi katika Desertion ya Abdulrazak Gurnah

Riwaya ya kihistoria inayomhusu mwanamke aliyetengwa na mji wake hukabiliwa na tatizo la ushahidi. Nyaraka za watawala hazikumjali mwanamke huyo, nao mji ulimkumbuka kwa aibu tu. Mtunzi hubakiwa na uvumi, ilhali uvumi ndio uliomtenga. Desertion (2005) ya Abdulrazak Gurnah inaliweka tatizo hili katikati ya muundo wake, na namna inavyolishughulikia inastahili kuhojiwa.

Sehemu ya kwanza ya riwaya inatokea mwaka 1899 katika mji mdogo wa pwani, kaskazini mwa Mombasa. Rehana, binti wa baba Mhindi na mama Mswahili, anaishi na nduguye Hassanali, mwenye duka. Uchotara wake unamweka pembezoni mwa jamii. Baada ya mumewe, Azad, kusafiri bila kurudi, anabaki si mke, si mjane wala si mtalaka. Anapopendana na Martin Pearce, Mwingereza ambaye Hassanali alimkuta alfajiri akiwa hoi, kutengwa kwake kunakamilika.

Sehemu hii inasimuliwa katika nafsi ya tatu, na msimulizi anaingia kwa uhuru katika fikra za wahusika. Msomaji anaelezwa hofu ya Hassanali anapokwenda msikitini gizani na uchungu wa Rehana anapoachwa na Azad. Hata hivyo, penzi la Rehana na Pearce linapokaribia kuanza, usimulizi unakatizwa. Rashid, kijana wa Zanzibar ambaye baadaye anasoma na kuishi Uingereza, anajitokeza katika nafsi ya kwanza na kukiri kwamba hajui jinsi penzi hilo lilivyotokea.

Ni rahisi kuuona ukiri huo kuwa uadilifu: msimulizi anakataa kuyabuni maisha ya mtu asiyeweza kujitetea. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Rashid hakuwapo alfajiri ile Hassanali alipomkuta Pearce, wala hakuwapo Azad alipoondoka. Hata hivyo, amezisimulia habari hizo kwa kina bila kusita. Kwa hiyo, kinachomzuia si ukosefu wa ushahidi peke yake. Anaweza kumwaza Rehana akiachwa, lakini hawezi kumwaza akichagua.

Pengo hilo linajirudia katika kisa cha Jamila, mjukuu wa Rehana na Pearce, katika Zanzibar ya miaka ya mwisho ya ukoloni. Amin, kaka yake Rashid, anampenda Jamila, lakini wazazi wake wanamlazimisha amwache, kwa kuwa ni mtalaka na kwa kuwa aibu ya bibi yake bado inakumbukwa. Baadaye riwaya inampa msomaji maandishi ya Amin mwenyewe kuhusu majonzi yake. Jamila hapewi nafasi kama hiyo. Kuachwa kwake kunafahamika kupitia majuto ya mwanamume aliyemwacha.

Tofauti inadhihirika Desertion inapolinganishwa na Vuta N'kuvute (1999) ya Adam Shafi. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mwanamume mwenye umri mkubwa, anamkimbia mumewe, anakataliwa na jamaa zake, kisha anapokewa na Mwajuma huko Ng'ambo. Msimulizi wa Shafi anamfuata Yasmin katika kila uamuzi. Inaweza kudaiwa kwamba harakati za kudai uhuru zinammeza mhusika huyu. Hata hivyo, uchaguzi wake unaonekana, na mji unaomtenga una upande wa pili unaompokea.

Ulinganisho huu hauishushi hadhi Desertion. Rashid ni mwana wa nyumba ileile iliyomkataa Jamila. Kwa hiyo, udhaifu wake kama msimulizi ni urithi, si ajali. Kwa kumkabidhi kisa hiki, Gurnah anaonyesha kwamba hata anayewahurumia waliotengwa anaweza kuwatazama kwa jicho la mji uliowatenga. Uhakiki unaoishia kuusifu ukiri wa Rashid unairudia kasoro hiyo. Haitoshi kuuliza kama riwaya ya kihistoria imempa mwanamke sauti. Ni lazima pia kuuliza ni matendo yapi ambayo msimulizi yuko tayari kumwona akiyatenda.