Leso Hukaguliwa Pembeni

Leso hupimwa kwanza kwa pindo, kisha kwa kitambaa, kisha kwa rangi, kisha kwa jina, yaani maneno yaliyochapwa juu yake. Mji, yaani sehemu ya katikati, huja mwisho. Mama yeyote wa Msambweni au Vanga aliyewahi kununua jozi ya kupeleka harusini analijua hilo, lakini kwenye vibanda vya ufukweni Diani mambo yamepinduliwa: kitambaa cha poliesta chenye twiga katikati na HAKUNA MATATA chini ya kwato zake hutundikwa mlangoni na kusifiwa kuwa ndiyo leso halisi ya Pwani. Mgeni asiyejua hana lawama. Kinachokera ni kumsikia mwenyeji, mzaliwa wa Ukunda, akiirudia sifa hiyo na kujipiga picha amejitanda kitu ambacho nyanyake asingekidekia hata uani.

Kitambaa ndicho rahisi kukagua, basi kitangulie kiishe. Leso ni pamba tupu. Chenye mchanganyiko kitafutiwe jina jingine. Uzi mmoja ukichomolewa ukingoni na kuwashwa kiberiti, wa pamba huwaka, hunuka karatasi na kuacha jivu laini; wa poliesta hujikunyata, hunuka plastiki na kuacha kishanga kigumu cheusi. Muuzaji anayekataa uzi mmoja uchomolewe amekwisha kujibu swali. La pili ni dondo. Leso mpya yoyote huwa na dondo kidogo, lakini wapo wanaokiokoa kitambaa chepesi kwa kukishindilia dondo mpaka kikasimama chenyewe. Hicho hufikichwa kati ya viganja viwili kwa nguvu. Unga mweupe ukidondoka, na kitambaa kikiinuliwa kwenye mwanga kikaonyesha matundu, baada ya kufuliwa mara moja kitakuwa chandarua. Uzito mkubwa nao si sifa. Leso nzito haikazi kiunoni, na mtoto akibebwa nayo mgongoni huamka amelowa jasho. Uzito unaofaa hujulikana kwa mkono, na mkono hufundishwa na leso nyingi, si na maelezo.

Kipimo cha ukubwa hakina mjadala: urefu wa sentimita 150 hivi, upana wa sentimita 110 hivi, kila kipande cha jozi. Wanaopunja hupunja urefu, kwa sababu upana huonekana dukani na urefu hugunduliwa nyumbani, siku leso inapokataa kuzunguka nyonga na kurudi mbele.

Rangi hukaguliwa nyuma. Leso njema imekunywa rangi hadi upande wa pili, na tofauti ya mbele na nyuma ni ndogo kiasi kwamba asiye makini hujitanda kinyume bila kuchekwa na mtu. Leso iliyopakwa rangi juujuu ina nyuma iliyopauka, na nyuma hiyo haifichiki, kwa maana upepo wa Diani huigeuza leso ya kichwani mara kumi kabla ya mvaaji kufika stendi. Kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji kikisuguliwa juu ya pindo, kikiondoka na wekundu, basi nguo zote zitakazofuliwa na leso hiyo zitaondoka nao pia. Halafu kuna suala la idadi ya rangi. Leso ina rangi tatu, nne zikizidi sana. Ya tano ni ya pazia. Ushahidi ni kisutu, leso ya harusi, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambacho hakijawahi kuhitaji rangi ya nne kwenye harusi yoyote. Nyeusi tupu ni kaniki, nayo ina mahali pake: anayeingia msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo hujifunga kitambaa cheusi, wala hakuna anayekiita leso.

Pembeni ndipo asiyejua hupita bila kutazama, na ndipo ilipo kazi yote.

Leso ikitandazwa mezani, macho huvutwa na mji kwa kuwa ndio mkubwa. Lakini leso haivaliwi mezani. Mwanamke akijifunga, mji humezwa na mikunjo. Kinachobaki kuonekana ni pindo la chini linalozunguka miguu, jina lililokaa nyuma, na pindo la kusimama la ncha ya nje, linaloshuka mbele kutoka kiunoni hadi karibu na kifundo cha mguu. Mapindo hayo mawili, la kulala na la kusimama, hukutana kwenye pembe moja, na pembe hiyo hutangulia kila mvaaji apigapo hatua. Anayekuja mbele yake huiona kabla hajasoma jina lolote.

Pembe ni hesabu kabla ya kuwa sanaa. Chukua pindo la korosho, ambalo Kwale, nchi ya mikorosho, hakuna asiyelijua. Korosho zimepangwa upande mrefu, kichwa cha hii kikifuata mkia wa ile. Zikifika mwisho lazima zigeuke ziufuate upande mfupi. Mchoraji hodari hupima pande zote mbili na kugawanya mpaka idadi itimie bila nusu, kisha pembeni huweka korosho moja ya mshazari, mkia wake ukielekea mji, au huweka ua la mraba lililochorwa kwa ajili ya pembe peke yake. Hata meno ya msumeno ya ukingo wa nje hukutana jino kwa jino. Mchoraji mvivu huchora ukanda mmoja mrefu, huukata kwa rula na kuugongesha kwenye mwingine. Jicho lililozoea huliona hilo kutoka ng'ambo ya barabara: korosho imekatwa kichwa, kiwiliwili chake kimetokomea chini ya mstari mweusi, meno matatu yamebanana na la nne halipo.

Pembeni pia ndipo rangi husutana. Kila rangi huchapwa kwa zamu yake, na kila zamu lazima itue palepale ilipotua iliyotangulia. Katikati ya mji wenye maua mengi, kosa la milimita mbili hufichika. Pembeni halifichiki, kwa kuwa mistari iliyonyooka hukutana kwa pembe mraba; nyekundu ikisogea kidogo tu, upande mmoja hubaki uzi mweupe na upande wa pili nyekundu huipanda nyeusi na kuwa rangi ya kahawia isiyoagizwa na mtu. Mkaguzi huanzia pembe ya kushoto chini na kuzunguka zote nne, kisha huenda kwenye leso ya pili na kurudia. Jozi ina pembe nane. Iliyoharibika moja inavumilika ikiwa ni ya juu, itakayofichwa kiunoni. Iliyoharibika ya chini hairejeshewi heshima na kitu chochote, hata punguzo la bei.

Ajuza wa Msambweni aliyekulia kwenye mambo haya haombi kuonyeshwa mji. Huikunjua leso, hukusanya pembe zake nne kwenye ngumi moja, huzipanga zikalaliana na kuzitazama kwa pamoja. Zikifanana, ndipo huuliza bei. Zisipofanana huirudisha bila neno, na muuzaji mwenye adabu huikunja bila kubisha, maana wote wawili wameona. Muuzaji asiye na adabu ana ufundi wake. Huikunja jozi hadi mji na jina vikae juu, pembe zote nane zikiwa ndani, kisha huitia kwenye mfuko wa plastiki. Akiombwa aifungue husema, "Mamangu, nikiikunjua hii haikunjiki tena vile." Neno hilo ni la kweli, na ndiyo sababu ya kusisitiza ikunjuliwe.

Wizi mkubwa zaidi wa pembe hufanyika mbali na Ukunda. Muundo uliopendwa hunakiliwa kwenye kitambaa chembamba zaidi. Mwigaji huuacha mji kama ulivyo, kwa kuwa anajua mnunuzi atautazama huo, na nafasi anayoihitaji huimega kwenye pindo. Kwa hiyo leso mbili zenye mji uleule na jina lilelile huweza kuwa moja leso na nyingine takataka, na muuzaji akaapa kwamba ni kitu kimoja. Asiyejua hununua ya pili, huipeleka nyumbani, na kwa miaka hujiuliza kwa nini ya jirani humkaa vizuri zaidi.

Leso zilizochapwa Japani miaka ya 1950 na 1960 hazikuwa na aibu hii. Zikitolewa sandukuni leo, pamba imelainika na mji umefifia, lakini pembe bado zimekutana. Zilivaliwa, zikabeba watoto, zikafunika waliolala, na pindo likabaki pindo. Viwanda vya nguo vya Kenya navyo vilikuwa na siku zao kabla ya mitumba kufurika miaka ya 1990. Sasa nyingi hutoka India, nyingine China, na nyingine huvuka mpaka wa Horohoro kutoka Tanzania kuingia Lunga Lunga. Asili si hukumu, kwani India hiyohiyo huchapa zilizo bora kabisa na zilizo mbovu kabisa, kulingana na aliyeagiza.

Kwa kumtambua aliyeagiza, alama ya kutegemewa ipo kwa muda mrefu. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mtaa wa Biashara, Mombasa, lenye asili ya mwaka 1887, ndilo lenye leso zilizochapwa maneno Mali ya Abdulla, na wanunuzi wa Kwale wamekuwa wakivuka Likoni kuzifuata kwa vizazi. Alama ikisifika huigwa, kwa hiyo alama isomwe baada ya pembe, isisomwe badala yake.

Jina ndilo linalowavuta wasomaji, nao huliandikia insha na kusahau kwamba limechapwa kwenye nguo. Hanby na Bygott, katika kitabu chao Kangas: 101 Uses, angalau walikumbuka kuwa leso hufungwa. Jina hupimwa kwa mambo matatu. Liwe fupi, lisomeke mvaaji anapopita bila kumfuata nyuma. Likae katikati kabisa, maana jina lililosogea huishia ubavuni na kusomwa nusu. La tatu ndilo zito: liwe fumbo linaloweza kukanushwa. Mwanamke aliyevaa NILIYOYASIKIA YANANITOSHA mbele ya jirani yake amesema, na akiulizwa anaweza kujibu kwamba alipenda rangi. Jina lisiloweza kukanushwa ni tusi. Ufundi huu ni ndugu wa taarabu, na si ajabu kwamba miji iliyowasikiliza waimbaji Juma Bhalo na Zuhura Swaleh ndiyo iliyochagua leso kwa makini. Hizo HAKUNA MATATA zilivuma kwa wimbo wa Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms mwaka 1982, kisha kwa filamu ya The Lion King mwaka 1994, na kwenye leso hazifai kwa sababu rahisi: hazimlengi yeyote. Hakuna jirani aliyewahi kukosa usingizi kwa ajili yake.

Herufi zihesabiwe. Wachapaji wengi hawasomi Kiswahili, na H moja ikianguka kwenye jina lililotajwa hapo juu, mvaaji atazunguka Ukunda akitangaza kwamba aliyoyasikia yanamtosa.

Leso za picha zina daraja lake, nalo ni la chini. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2008 zilitoka leso za Barack Obama, na kila msimu wa kampeni hutoka za wagombea. Hizo ni mabango. Uso wa mtu ukiwekwa kwenye mji hupotea kwenye mikunjo, na ukijitokeza hujitokeza mahali ambapo mvaaji hukalia. Watunza kumbukumbu wazinunue. Mwenye harusi asizitazame.

Anayebaki ni fundi wa cherehani wa barazani, ambaye huweza kuiharibu kwa dakika moja kazi ya wote waliomtangulia. Jozi huja imeshikana na lazima ikatwe. Fundi mwema hukata katikati ya ukanda mtupu ulio kati ya leso mbili, hukunja upindo mwembamba usiogusa meno ya msumeno, na hutumia uzi wa rangi ya ukingo. Fundi wa haraka hukata kwa makisio, leso moja ikapata ukanda wote na ya pili ikakosa, kisha hula pindo la hiyo ya pili ili apate pa kukunja. Pembe mbili zilizokuwa sawa dukani huharibikia hapo, na lawama humwendea muuzaji asiyehusika. Fundi aonyeshwe kwa kidole mahali pa kukata, na mwenye leso asimame hapo hadi mkasi umalize.

Anayenunua Ukunda, Kombani au Msambweni aombe jozi ikunjuliwe yote mezani na azione pembe nane kabla ya kulipa. Leso ikishakatwa hairudishwi dukani.