Tungi na Maandishi ya Historia Yapatikanayo kwa Intaneti

Siku hizi mwalimu wa historia asiyekuwa na vitabu huambiwa atafute katika intaneti. Ushauri huo si mbaya. Lakini sisi tufundishao Kiswahili, ambao hatuwezi kuitenga lugha na historia ya pwani yake, tumeona ni vema kuupima kwa mfano mmoja: Tungi, katika ghuba iliyo karibu na Palma, kaskazini ya Cabo Delgado.

Mambo yenyewe ni haya. Tungi ilikuwa na masultani wake, na katika karne ya 19 Zanzibar na Ureno ziligombania ghuba hiyo. Mwezi wa Februari 1887 Wareno waliishambulia kwa mizinga ya manowari, wakaunyang'anya utawala wa Sultani Barghash. Mwaka 1894 Wajerumani wakaitwaa Kionga, kusini ya mto Ruvuma. Wareno wakairudisha mwaka 1916.

Sasa mwalimu na atafute. Akiandika "Palma", huletewa kwanza mji wa Uhispania, kisha habari za shambulio la Machi 2021. Akiandika "Tungue", kwa tahajia ya Wareno, hupata Kireno kitupu. Akiandika "Tungi" huambulia kidogo mno. Yaani tahajia peke yake yatosha kuamua ni nani atakayesimulia.

Juzuu 8 za historia ya Afrika zilizotolewa na UNESCO hupatikana bure, nazo ni kazi ya kuheshimiwa. Ila bara ni kubwa, na ghuba moja haiwezi kupewa kurasa nyingi. Mozambique History Net, mkusanyo wa Colin Darch, una vipande vya magazeti na hati zinazofaa sana kwa karne ya 20, lakini mwanafunzi asiyejua Kireno wala Kiingereza hubaki mlangoni. Chuo cha SOAS cha London nacho kimeweka wazi miswada ya Kiswahili. Tumeifurahia mno, hata hivyo sauti inayovuma humo ni ya Lamu na Mombasa.

Na haikosi maandishi pwani yetu! Watawala wa kaskazini ya Msumbiji waliwaandikia maofisa wa Kireno kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na barua zao zimehifadhiwa Maputo katika Arquivo Histórico de Moçambique. Liazzat Bonate amezichunguza na kuandika juu yake. Barua moja tu kama hizo yatosha kwa vipindi kadhaa: hati yake, salamu zake, maneno ambayo leo hatuyatumii, na hoja ya mtu aliyejua kuijibu dola kwa lugha yake mwenyewe. Lakini picha ya barua isiyo na unukuzi wa herufi za kirumi haimfai mwanafunzi. Wenye kuhifadhi hati hudhani kazi yao imekwisha hati inapopigwa picha. Sisi twaona kwamba hapo ndipo inapoanza, na sehemu yake ni yetu waalimu wa lugha.

Jambo hili lina haraka. Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017, jamaa wengi wamekimbilia Pemba, wengine kwa mashua, na si kila mmoja aliyewahi kubeba sanduku la karatasi za wazee. Eugeniusz Rzewuski alichapa mwaka 1991 uchunguzi wa masimulizi ya wenyeji juu ya asili ya usultani wa Tungi. Wasimulizi wa namna hiyo leo wametawanyika, na wajukuu wao wamo madarasani.

Kwa hiyo twapendelea zoezi dogo. Mwanafunzi amwulize mzee wake majina ya mahali, ayarekodi kwa simu, ayaandike kama yalivyotamkwa, kisha ayalinganishe na ramani za Kireno. Tulipolijaribu, mtoto mmoja alituletea majina ya visima vitatu, kutoka kwa bibi yake. Tuliyatafuta katika intaneti kwa kila tahajia tuliyoweza kufikiri. Halikutokea hata moja, naye akaomba tumwonyeshe namna ya kuyaweka.